Ukoka wa Ukurasa wa Sabini na Moja

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba hanyamazi. Kinyozi wa hadithi hii alinyoa kwa mkono wa kulia na kusifu kwa mdomo mzima, na mtaa wote ulijua kwamba ukiingia dukani kwake umenuna, utatoka umenyolewa na kusifiwa, yote kwa bei ya kichwa kimoja. Mwenye masikio makubwa aliambiwa ana masikio ya mtu anayesikiliza wenzake. Mwenye kisogo kilichochongoka aliambiwa kichwa chake kina msimamo. Mtoto aliyeanza kulia tangu mlangoni aliambiwa ana sauti ya mheshimiwa, naye akanyamaza ili aisikie vizuri.

Nyuma ya kiti cha kunyolea, upande wa pili wa pazia la maua, kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea taulo, chupa za spiriti na mashine zilizokufa ambazo mwenyewe alikataa kuzizika. Humo ndimo binti yake alimobanza meza, kamusi mbili na kompyuta, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zake wanne na redio mbili. Kinyozi alimwita Daktari. Binti alikuwa bado anahangaika na tasnifu ya shahada ya pili, na udaktari hata harufu yake hajaisikia. Alimsahihisha baba yake mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, kisha akachoka.

"Daktari yuko humo ndani," kinyozi aliwaambia wateja, akinyoosha wembe kuelekea pazia, na wenye maumivu ya mgongo walianza kujieleza pale pale.

"Mimi si daktari wa hayo," binti alijibu bila kutoka. "Mimi nasoma Kilatini."

"Kilatini unaongea na nani, mwanangu?" aliuliza siku moja fundi bomba, povu limemjaa mashavuni.

"Na marehemu," kinyozi akamjibia. "Ila wa ukoo bora."

Kwa kweli hakukosea sana. Binti alikuwa anasoma utenzi mmoja mrefu wa Warumi wa kale, wa mtunzi ambaye jina lake lilipotea pamoja na karatasi ya kwanza. Ulikuwa na vitabu tisa, vimejaa vita vya mababu, merikebu zilizozama, na miungu iliyogombana kama wapangaji wa nyumba yenye bomba moja. Lakini katikati ya kitabu cha sita, mishale ikiwa bado hewani, mtunzi alisimamisha vita, akamgeukia kaisari wa zama zake na kumsifu mistari arobaini mfululizo. Kisha akarudi vitani kana kwamba alikwenda kunywa maji tu.

Hiyo mistari arobaini ndiyo iliyomkosesha binti usingizi miaka miwili. Mji wa Roma wa siku zile, alimweleza baba yake, haukuwa mji wa kutunga unalotaka. Mtu mdogo aliamka alfajiri akapanga foleni mlangoni kwa mtu mkubwa, amsalimie tu, aonekane, asikose kikapu chake cha chakula. Mtunzi alikula kwa mkono wa mfadhili, na mfadhili alikula kwa mkono wa kaisari. Tungo zilisomwa kwa sauti ukumbini, na waliokaa mbele walikuwa watu wenye kupeleka habari. Aliyekosea neno alihamishiwa kisiwani, akabaki kuandika barua za kuomba radhi mpaka akafa. Sasa katika mji wa namna hiyo, mtu akimsifu kaisari mistari arobaini, anamsifu kwa moyo au anamcheka?

"Tasnifu yenyewe inaitwaje?" kinyozi aliuliza.

"Sifa kwa Kaisari katika Utenzi wa Kirumi: Muktadha wa Kijamii na Kisiasa."

"Kwa kifupi, kujipendekeza."

"Baba."

"Si ungeandika hivyo tu, ukaokoa wino."

Lakini huyu baba, na mzaha wake wote, ndiye aliyempa binti hoja yake, na binti hakujua aitaje chanzo. Maana walikuwa na mteja mmoja pale dukani, mzee mnene mpole mwenye upara uliokamilika, amebakiwa na ukingo wa nywele kutoka sikio moja hadi la pili kwa kupitia kisogoni. Alikuja kila Jumamosi ya pili. Kinyozi alimfunga kile kitambaa kikubwa shingoni, akamtazama utosini kwa makini ya mtu anayesoma barua, akasema, "Zinarudi, Mzee." Na mzee akafumba macho kwa raha, akaacha shingo yake mikononi mwa kinyozi.

Mzee huyo alikuwa Mkuu wa Kitivo. Kitivo cha binti, ndiyo.

Kila alipoingia, binti alinyamaza nyuma ya pazia kama panya aliyesikia paka. Alimwapisha baba yake asimtaje. Kinyozi akatii kwa namna yake: alimwambia Mkuu kwamba ana binti Daktari, Mkuu akadhani ni wa hospitali, na mara mbili akaacha salamu pamoja na maelezo marefu ya goti lake la kushoto.

"Unapomwambia zinarudi, unamaanisha?" binti aliuliza siku moja Mkuu alipokwisha kuondoka.

Kinyozi alikung'uta kitambaa kwa hasira ndogo. "Swali gani hilo? Mtu nimfunge kitambaa, nimsifu, ndipo nishike wembe. Asiyesifiwa hukaza shingo, na shingo iliyokaza hukatika. We ulitaka nimwambieje, Mzee kwako nafagia tu?"

"Kwa hiyo ni uongo."

"Uongo ni wa kumwibia mtu. Mimi simwibii, namnyoa."

Binti alirudi mezani akaandika sura ya nne nzima kwa siku sita. Hoja yake ilikuwa kwamba sifa za mtunzi hazikuwa mapenzi wala dhihaka, zilikuwa njia ya kuikaribia shingo ya mtawala. Msimamizi wake aliirudisha mara tatu. Msimamizi huyo, mwalimu mzee mkavu, wanafunzi walimwita Nukta kwa sababu aliweza kukuzungushia nukta moja wino mwekundu mpaka karatasi itoboke. Pembeni mwa kila ukurasa wa sura ya nne aliandika neno moja tu: Ushahidi? Naye binti angeandika nini kwenye marejeo? "Kinyozi, mazungumzo ya dukani"?

Na jambo halikuwa la maksi peke yake. Nukta alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Darasa la Kilatini lilikuwa na wanafunzi watano, mmoja wao alijiandikisha kwa kukosea mlango, akanogewa, akabaki. Binti akipita, darasa lingekuwa lake. Akianguka, darasa lingefungwa na chumba kingewekwa mashine za kutolea nakala. Watu wa nakala walikwisha kuja kupima ukuta. Wa kuamua alikuwa Mkuu wa Kitivo. Na Mkuu wa Kitivo, ili mambo yakolee, alikuwa ameandika kitabu kizima ujanani, chenye jalada la kijani, kuthibitisha kwamba mistari ile arobaini ilitoka moyoni.

Ushahidi wake mkuu ulikuwa taji. Katika mistari ile mtunzi anamvika kaisari taji la nyasi. Usicheke, kwa Warumi taji la nyasi lilizidi taji la dhahabu. Jeshi likizingirwa na adui, likaisha kwa njaa, kisha akatokea kamanda akaliokoa, wale askari waliookolewa waling'oa nyasi za pale pale walipokuwa wafie, wakazisuka, wakamvika. Dhahabu mkubwa aliweza kukupa. Nyasi ulipewa na wadogo uliowaponya tu. Heshima kubwa kama hiyo, kiliandika kitabu cha kijani, hapewi mtu usiyempenda.

"Nyasi gani?" kinyozi aliuliza binti alipomsimulia, alasiri moja isiyo na wateja.

"Zozote zilizoota pale. Hata ukoka."

"Na huyo kaisari aliwaokoa akina nani?"

"Hakumwokoa mtu. Hakuwahi kutoka ikulu."

Kinyozi aliweka wembe chini, maana alijijua. Alicheka mpaka akashika kiti. "Sasa miaka miwili unatafuta nini, Daktari? Mtu hakwenda vitani, kasukiwa nyasi, kavikwa kichwani. Si kavikwa kilemba cha ukoka?"

Binti naye akacheka mpaka machozi. Miaka miwili alikuwa akilitafsiri neno hilo kwa kufuata kamusi ya Kilatini, na lugha aliyonyonya nayo ilikuwa imelikalia kimya muda wote. Kwa utani tu, ili baba yake aone, akafuta "taji la nyasi" pale ukurasa wa sabini na moja, akachapa: *akamvika kaisari kilemba cha ukoka*. Akamsomea, wakacheka upya, akaahidi kulirudisha neno la awali kesho yake.

Kesho yake mdogo wake wa mwisho aliugua tumbo, keshokutwa umeme ulikatika, na siku ya nne fundi wa kujalidi alipiga simu akisema ama leo ama mwezi ujao. Nakala tano zilitoka na majalada ya buluu na maandishi ya rangi ya dhahabu. Binti alizisambaza mwenyewe, kifua mbele, na nakala ya Mkuu akaikabidhi kwa mikono miwili. Jioni akaifungua yake ili aifurahie. Unajua ilikofunguka.

Mdomo uliponza kichwa. Huyu aliponzwa na vidole. Hakula siku hiyo. Utetezi ulikuwa umebaki siku tisa, nakala hazirudishwi, na mwenyekiti wa jopo ndiye mwenye kitabu cha kijani. Kumwandikia mtu wa namna hiyo kwamba taji lake, ushahidi wake wa ujana wote, ni kilemba cha ukoka, ni sawa na kumwita mjinga kwa maandishi ya dhahabu.

Asubuhi alikwenda kwa Nukta kuungama. Nukta alikuwa anachonga penseli juu ya kikombe.

"Mwalimu, ukurasa wa sabini na moja..."

"Niliona."

"Uliona? Kabla ya kujalidi?"

"Nilikusahihishia mkato baada yake, kwenye rasimu uliyoniachia na hukurudi kuichukua."

"Na hukuniambia?"

"Nilifikiri hatimaye umepata ujasiri," Nukta alisema, akapuliza vumbi la penseli. "Kumbe uzembe. Basi. Jopo litakuuliza, na utajibu moja kati ya mawili. Ukisema ni kosa la uchapaji, Mkuu atakusamehe, utapita, na utafundisha Kilatini miaka thelathini ukiomba radhi. Ukisema ni hoja, atakuuliza neno langu lile."

"Ushahidi."

"Na huna."

Binti alirudi dukani kama aliyemwagiwa maji. Kinyozi alimsikiliza mpaka mwisho bila mzaha, jambo lililomtisha binti kuliko yote, kisha akasema, "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Tatizo ni kwamba hapa anayenyolewa ni wewe."

"Nisaidie basi, Baba."

"Si nilishakusaidia? Ule ukurasa wa mbele ulioniomba, ule wa Shukrani. Sikuutia maneno mazuri?"

Alikuwa ameutia kweli. Kitivo kile kilikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote na haikuvunjwa na yeyote: tasnifu ilifunguliwa kwa Shukrani, na aya ya kwanza ilikuwa ya Mkuu. Binti alikuwa amekwama kwenye aya hiyo wiki nzima, mpaka kinyozi, akimpangusa fundi bomba povu, akamtamkia kwa mfululizo bila kupumzika: *Kwa Mkuu wa Kitivo, taa isiyoomba mafuta, ambaye ukimya wake ni mhadhara na kivuli chake ni darasa.* Binti akaichapa kama ilivyo, akijisemea kwamba ndivyo inavyofanywa.

Kwa siku tisa aliusoma ukurasa wa sabini na moja asubuhi na jioni, akitafuta jinsi ya kuukana. Kila alipousoma aliuona uko sawa zaidi. Hilo ndilo lililomtia hofu.

Siku ya utetezi alikuta meza ndefu, jagi la maji, na saa ya ukutani iliyokimbia dakika saba mbele ya dunia. Mkuu alikaa kichwani pa meza, upara wake uking'aa kwa amani. Kulia kwake Nukta na penseli tatu. Kushoto mtahini wa nje, mama mmoja kutoka chuo kingine, miwani ameipandisha juu ya paji la uso. Binti aliamkia wote, akajieleza robo saa, akajibu maswali ya mtahini kuhusu foleni za alfajiri na kumbi za kusomea tungo, na sauti yake haikutetemeka. Kisha ikaja zamu ya Mkuu.

"Nianze na pongezi," Mkuu alisema, akafungua nakala yake mwanzoni. Alisoma aya nzima kwa sauti, taa, mafuta, kivuli na vyote. "Nimesoma tasnifu miaka ishirini na miwili. Sijaona Shukrani zilizoandikwa kwa moyo kama hizi."

Nukta alitazama dari.

"Sasa ukurasa wa sabini na moja." Alikuwa ameutilia kijikaratasi. "Naona hapa kaisari kavikwa kilemba cha ukoka. Bila shaka ni kosa la uchapaji."

Mlango aliufungua mwenyewe, tena mpana, na mtu yeyote mwenye akili zake angepita. Binti aliwaona akilini wale wanafunzi watano, na yule wa kukosea mlango akiwa wa kwanza kunyoosha mkono. Aliona mashine za nakala. Alifungua mdomo aseme ndiyo, Mkuu, niwie radhi.

"Hapana, Mkuu," alijisikia akisema. "Liliingia kwa mzaha na likabaki kwa uzembe, hilo nakiri. Lakini nimelisoma siku tisa, na nisingelitoa."

"Kilemba cha ukoka ni sifa za uongo."

"Ni nyasi zilizosukwa, akavikwa mtu kichwani. Kilatini kinasema hivyo hivyo, neno kwa neno. Tofauti ni kwamba sisi tuna jina la nyasi hizo akivikwa asiyestahili."

Mkuu alivua miwani. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliongea kama mtu anayetetea rafiki wa zamani. "Mtu akae chini, atunge mistari arobaini, mizani imetimia, asome mbele ya mkubwa wake bila haya, na asimaanishe? Ushahidi uko wapi? Nionyeshe mtu mmoja aliyemwandikia mkubwa wake sifa za namna hiyo bila kuzimaanisha. Mmoja tu."

Binti aliinamia nakala yake. Alijua jibu lilipo. Alilijua tangu Mkuu aliposoma ile aya kwa sauti, na aliomba lisiulizwe.

"Ukurasa wa tatu, Mkuu," alisema.

Mkuu alirudisha kurasa nyuma, polepole, sabini, hamsini, ishirini, mpaka akafika. Ukurasa wa tatu ulikuwa Shukrani. Mtahini wa nje aliteremsha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Kwa hiyo," Mkuu alisema, "mimi si taa isiyoomba mafuta."

Aibu ilimpanda binti kutoka miguuni. Hakuionea sura ya nne aibu. Alimwonea huyu mzee mpole. Lakini alikwisha kuvua nguo, maji ilibidi ayaoge. "Mkuu, sikusema uongo wala sikusema kweli. Kinyozi akitaka kukunyoa, kwanza hukufunga kitambaa. Hakufungi kwa kuwa anakupenda wala kwa kuwa anakuchukia. Anakufunga ili umwachie shingo. Mtunzi huyu alikuwa na neno la kumwambia kaisari, liko kitabu cha saba, kwamba vita vya ndugu kwa ndugu havina mshindi. Asingefika kitabu cha saba akiwa hai bila mistari arobaini ya kitabu cha sita. Na mimi nisingethubutu kuandika sura ya nne, inayokupinga wewe, bila ukurasa wa tatu."

Saa ya ukutani ilizidi kukimbia peke yake. Mkono wa Mkuu ulipanda taratibu, bila yeye kujua, ukagusa utosi.

"Hayo ya kinyozi hayamo kwenye marejeo. Umeyatoa wapi?"

"Kwa baba yangu."

"Baba yako ana duka nyuma ya posta? Kioo kina ufa hapa?" Alionyesha pembeni mwa jicho.

"Ndiye, Mkuu."

"Ananiambia zinarudi," Mkuu alisema, si kwa mtu yeyote.

"Nini zinarudi?" mtahini wa nje aliuliza.

Binti alitolewa nje, akasimama kwenye ukumbi akihesabu vigae vya sakafu, akikosea na kuanza upya. Alipoitwa tena, Mkuu alikuwa amevaa miwani na uso wa kazi. "Umepita, kwa sharti la masahihisho," alisema. "Umeuliza mtunzi alimaanisha nini, na umejibu vizuri kuliko nilivyojibu mimi katika umri wako. Lakini hukuuliza kaisari alijua nini. Umemfanya kiti cha kunyolea, hana macho. Andika ukurasa mmoja. Kaisari alipovikwa nyasi zile, alijua au hakujua? Niupate Jumatatu. Ukinishawishi, kilemba chako kitabaki na darasa ni lako. Usiponishawishi, tutaongea mengine."

"Na ushahidi, Mkuu?"

"Huo ni wako kuutafuta."

Ukumbini Nukta alimpita bila kusimama. "Hakuna mwandishi hata mmoja wa kale aliyeeleza hilo," alisema. "Nimetafuta. Pole."

Kinyozi alipoelezwa alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Umeniharibia mteja, mwanangu," alisema. "Miaka kumi na moja nimemtunza. Darasa lako sawa, lakini yule mzee alikuwa akitoka hapa anatembea kama kijana."

"Nilijua, Baba. Ndiyo maana sikulala."

"Hatakuja tena. Na akija nitamwambia nini? Kichwa cha kuku hakistahimili kilemba, lakini kile kilistahimili miaka yote, mpaka mkaja na Kilatini chenu." Alisema kwa utani, ila macho hayakuwemo.

Ilikuwa Ijumaa. Usiku na asubuhi binti aliandika aya nne na kufuta tano. Na Jumamosi, saa nne kamili, mlango ukafunguliwa, akaingia Mkuu wa Kitivo.

Kinyozi alisimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyeshikwa nacho. Binti, ambaye safari hii hakuwahi kujificha, alibaki katikati ya pazia, nusu ndani nusu nje. "Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Daktari. Goti langu linakusalimu," alisema Mkuu, akakaa kitini, akaegemea.

Kinyozi alimfunga kitambaa. Alikifunga, akakifungua, akakifunga upya. Alichukua kitana akakirudisha. Kwa mara ya kwanza tangu duka lile lifunguliwe, kichwa kilikuwa kwenye kiti na hapakuwa na mtu anayesema. Kwenye kioo chenye ufa watu watatu walitazamana.

"Vipi," Mkuu aliuliza. "Zinarudi?"

Kinyozi alinyoosha ukingo wa kitambaa. "Mzee wangu, mimi na wewe tumejuana miaka. Kwa yaliyotokea, wacha leo nikwambie kweli..."

"Sikukuuliza kweli," Mkuu alisema. "Nimekuuliza zinarudi?"

Kinyozi alimtazama binti yake kupitia kioo, na binti akaona uso wa baba yake ukilainika. Kisha aliinama, akautazama ule utosi mtupu kwa makini ya mtu anayesoma barua kutoka kwa mtu anayempenda.

"Zinarudi, Mzee," alisema. "Za kushoto zimetangulia. Za kulia zinajivuta, lakini ziko njiani."

"Ahsante," alisema Mkuu. Alifumba macho, akaachia shingo yote, na kinyozi akafungua wembe. Ulipokwisha kupita mara mbili tatu kisogoni, Mkuu aliongea tena bila kufumbua macho.

"Huyo wa kwenye pazia ana karatasi?"

"Ninayo, Mkuu," binti alisema, akaifuata kalamu mezani.

"Basi andika alichojua kaisari."